Nywele Zilizobaki kwenye Chanuo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mtacheka. Chekeni mmalize, halafu mrudi tuendelee. Mimi shule niliacha darasa la nne na sijui kutunga hadithi. Nikisema kitu kilitokea, kilitokea. Mjukuu wangu Nyambura yuko hai, alama iko kichwani mwake, na mwenye shaka aje hapa Langas, Eldoret, nimuonyeshe.

Mimi ni msusi. Kibanda changu cha mabati kimeshikana na nyumba yangu, mlango wa nyumba unatokea kibandani. Kazi hii niliachiwa na mama yangu, na kabla hajanionyesha hata kugawa nywele kwa mistari alinipa sheria moja: zinazobaki kwenye chanuo ni za mwenye kichwa. Unazikusanya, unazifunga, unamwekea mkononi aende nazo. Akichoma, akitupa chooni, ni shauri yake. Mtu akiwa na nywele zako anaweza kukufanyia mambo, na msusi hatakiwi kushukiwa. Miaka yote hiyo sikuivunja hiyo sheria, mpaka siku nilipopata mteja asiyeweza kuniuliza.

Kuna mama mmoja wa Ufilipino ameolewa na injinia Mkalenjin, wanakaa Elgon View. Tunamwita Mama Kiprop. Binti yake nilikuwa namsuka. Jumatano kabla ya Pasaka akanipigia simu.

"Mama, kuna kichwa hapa nyumbani kimenishinda. Nywele zimeshikana kabisa."

Nikajua ni mama mkwe wake, pengine mgonjwa, hawezi kuja. Nikabeba chanuo, mafuta na uzi wangu mweusi. Kufika, nikapelekwa kwenye chumba kidogo chenye harufu ya nafthalini, zile tembe za kufukuza nondo, na katikati ya chumba imesimama sanamu juu ya sanduku fupi lenye droo.

Mimi si Mkatoliki. Sanamu za kanisani nimeziona kupitia dirishani, zile za plasta zilizopakwa rangi ya buluu. Hii haikuwa hivyo. Hii ilikuwa na urefu wa mtu, kichwa na mikono imechongwa kwa mbao, macho ya kioo, machozi ya kioo yamebandikwa mashavuni. Chini ya gauni jeusi hakukuwa na mwili, ni fito tu zimepigiliwa. Mama Kiprop akaniambia ni Mama Maria wa Huzuni. Ilichongwa zamani sana, wakati Wahispania walikuwa wanatawala visiwa vyao, na imepita mikononi mwa mama za ukoo wao mpaka ikamfikia. Kwao kila mwaka kabla ya Ijumaa Kuu anavalishwa, anachanwa, anatembezwa barabarani. Hapa anamvalisha tu na kumwacha chumbani humo.

"Huyu ndiye mteja?" nikauliza.

"Ndiye."

"Atakaa ama atasimama?"

Hakucheka. Akaniambia tu nisivute kwa nguvu, kwa sababu nywele ni za mtu. Bibi wa bibi yake alikuwa na mtoto mgonjwa, akaahidi akipona atatoa nywele zake zote. Mtoto akapona, akazikata, zikawekwa kwenye kichwa hicho.

Nikamwambia aigeuze sanamu iangalie ukuta. Yale macho sikuyapenda, nasema ukweli. Lakini hata hivyo mimi huwajua watu kwa nyuma. Nikaanza kazi. Zilikuwa nyeusi, laini, zinafika kiunoni. Utosini kidole changu kikapita juu ya kitu kikachomwa: msumari wa mti uliokuwa umeshikilia nywele zile. Nikanyonya damu nikaendelea. Nikamsuka msuko mmoja mrefu, nikaumalizia na uzi wangu mweusi kwa fundo langu la kurudi mara tatu. Hilo fundo Eldoret nzima hakuna mwingine analifunga.

Chanuo kilikuwa kimeshika nywele nyingi, konzi nzima. Mama Kiprop alikuwa ametoka kuweka chai. Mnajua nilifanya nini? Nilizitia kwenye mfuko wa aproni.

Nyambura alikuwa anachumbiwa. Jumatatu ya Pasaka watu wa kijana wake walikuwa waje na mahari. Alikuwa amenisumbua wiki mbili juu ya nywele za mtu, zile zinauzwa mjini kwa pakiti, na nilikuwa nimemkatalia kwa sababu ya bei. Sasa nikaona nywele nzuri zinakwenda jalalani, na mwenyewe ni mti. Mti utarogwa na nani?

Mama Kiprop akarudi na vikombe, akaangalia sakafu.

"Zilizotoka ziko wapi?"

"Nimezitia kwenye jiko lako pale nje," nikasema.

Akaweka vikombe chini. "Ungeniuliza kwanza, Mama."

Jioni nikamsuka Nyambura, nikizichanganya zile kwenye mistari ya mbele, karibu na paji. Akapendeza sana. Alijiangalia kwenye kioo akasema, "Shosho, umeiba wapi hizi?" Tukacheka wote.

Alhamisi hakula. Akasimama dirishani, mikono ameikutanisha kifuani, anaangalia nje. Nikapita nikaona shavu limelowa.

"Unalia nini?"

"Silii, Shosho."

"Na hayo ni maji ya mvua?"

Akajigusa, akashangaa kuliko mimi. Mimi akili yangu ikaenda kwingine. Msichana wa kuolewa, hali chakula, analia dirishani. Nikamfungia mlango nikamuuliza bila kuzunguka, "Uko na mimba ya nani?" Akaapa hana. Nikampigia simu yule kijana nikamtisha kidogo. Naye akaapa. Sikuwaamini wote wawili.

Ijumaa vidole vyake vikakataa kukunjika. Kikombe kilimwanguka mara mbili, na mara ya pili akabaki akikiangalia pale chini kama hajui kimetoka wapi. Jumamosi asubuhi shingo ikakaza. Nikamgusa mkono, na mniamini, haukuwa na baridi ya mgonjwa. Ulikuwa mkavu, mgumu, kama mwiko. Hapo niliogopa. Nikasema mvua ikipungua tunaenda hospitali.

Mvua haikupungua, ikaja na mawe. Ilikuwa saa tisa mchana, na ndani ya kibanda kulikuwa na giza la kuwasha taa. Nikaona mwanamke ameshakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwangu, amejifunika shuka nyeusi mpaka usoni. Sikumsikia akiingia, lakini na mawe yale juu ya mabati nani angesikia kitu?

"Leo sisuki," nikamwambia. "Niko na mgonjwa."

"Nisuke upya, mama. Umeniacha pungufu."

Kiswahili safi kama cha redio. Nikajiuliza nilimsuka lini huyu. Akateremsha shuka kutoka kichwani, na nikaona msuko wangu. Mrefu, mweusi, mpaka kiunoni, na mwishoni uzi wangu na fundo langu la kurudi mara tatu.

Mnafikiri niliwaza shetani? Niliwaza mwizi. Nikasema huyu ameingia kwa Mama Kiprop, amevua nywele za sanamu amezivaa, na sasa amekuja kwangu ili lawama iniangukie mimi. Kwa hivyo nikajifanya mpole. "Haya mama, ngoja niangalie." Nikaingiza vidole kutafuta ukingo wa wigi.

Hakukuwa na ukingo. Nywele zilikuwa zimeingia kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa laini kama meza iliyopigwa vanishi. Nikapanda polepole mpaka utosini. Kidole changu, kile kile chenye kidonda cha Jumatano, kikafika kwenye msumari.

Harufu ya nafthalini ilijaa kibanda.

"Zangu ziko wapi?" akauliza. Hakuinua sauti, na hakugeuka.

Mlango wa nyumba ukafunguka, Nyambura akatoka. Sikuwa nimemwita. Alitembea kama mtu asiye na magoti, akaja akasimama mbele yangu, macho yamefunguka hayapepesi, maji yanatiririka.

Niliwahi kufumua vichwa vingi, lakini kile nilikifumua kwa pupa hata nikamkwaruza mtoto damu. Kila unywele laini nilioupata niliuweka kando, na yule mwanamke alikaa ameangalia ukuta, amenyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, ananingojea. Nikasema, "Nilimdanganya anayekutunza. Sikuzichoma. Nilizichukua." Kwa nini nilisema hivyo sijui, hakuwa ameniuliza hilo. Nikazifunga zote kwa uzi mweusi nikamwekea kiganjani. Vidole vikafunga juu yake kimoja kimoja, na nilisikia sauti ya mti ukigusana na mti.

Nyambura akaanguka mikononi mwangu, mzito, laini, mwenye joto. Akalia, na safari hii kwa sauti, kama mtoto. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu.

Mtasema niliota. Basi mbona Mama Nafula, anayeuza mboga za sukuma mbele ya kibanda changu, alikuja mvua ilipokatika akanilalamikia? "Mteja wako huyo wa shuka nyeusi ana madharau. Namsalimia anapita tu, hata kichwa hageuzi."

Jumapili jioni nikaenda Elgon View kukiri. Mama Kiprop akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua droo iliyo chini ya sanamu, akatoa mfuko mdogo wa hariri uliochakaa. Ndani yake kulikuwa na nywele zilizotoka kwenye machanuo ya miaka yote, tangu kwa bibi yake, zimefungwa mafundo mafundo kwa utepe mweupe. Juu kabisa palikuwa na fundo moja la uzi mweusi.

"Niliziona jana jioni," akasema. "Nikadhani ulirudi, ukafunguliwa mlango na mlinzi."

"Sikurudi."

"Sasa najua." Akafunga droo. Sanamu iliangalia ukuta vile vile nilivyoiacha. Sikuomba igeuzwe.

Mahari ilikuja Jumatatu na Nyambura akaolewa. Lakini mistari ile ya mbele nywele hazijaota tena, na jicho lake la kushoto hutoa maji mvua ya mawe ikinyesha, hata akiwa anacheka. Mume wake alimnunulia vitambaa vya kichwa. Mimi, kile kidole hakisikii moto wala baridi. Nikitaka kujua kama chai ni moto, natumia kingine.

Sasa nyinyi mnaonunua nywele za pakiti pale mjini, naomba mjiulize kitu kimoja. Hizo zilitoka kwa kichwa cha nani? Aliuza, aliahidi, ama alizikwa? Mimi nilimjua mwenye zangu, na bado nilichelewa.

Krismasi iliyopita mke wa mwanangu alikuja amevaa wigi jipya. Nikamsimamisha mlangoni akalivua, likalala nje kwenye ndoo iliyofunikwa mpaka waliporudi kwao. Akanuna, na mimi sikumbembeleza. Halafu nikawaita wote, wakubwa na watoto, nikawaambia: "Nywele ambazo hamjui mwenyewe haziingii kwa nyumba hii. Na mtu akija kuulizia zake, hata kama hamumjui, mpeni kiti, mumrudishie zote, na msimwangalie uso."