Flashi ya Papa wa Jibini

Juma hili nilikuwa kwenye kibanda cha kuchapia karatasi, hapa Masisi, papa mmoja, yaani mzee, mtengeneza jibini, alipoingia mbio na flashi mkononi. Risasi zilikuwa zimenyamaza, barabara imefunguka, na arusi ya binti yake, iliyokwisha kuahirishwa, ilikuwa mchana huohuo. Nyimbo za misa zilikuwa ndani ya flashi, hazijachapwa.

"Chomeka mbio, dada!" akamwambia binti mwenye kibanda.

"Ngoja, Papa. Antivirusi iichunguze kwanza."

"Unaniona niko mutu muchafu?" Akapiga meza.

Mimi hasira yangu iko karibu, nusura nimjibu. Kompyuta ilikuwa hiyo moja, na kazi zetu sote zilikuwamo. Lakini dada hakupandisha sauti.

"Papa, jana nilikuletea maziwa. Ulifanya nini mbele ya kuyamwanga mu pipa?"

"Nilinusa."

"Ulinusa juu ya nini, sababu gani? Niko muchafu?"

"Hapana! Maziwa ya mutu moja ikiharibika, inaharibisha ya wote."

"Basi na mimi njo vile nanusa flashi yako."

Tulicheka mpaka Papa mwenyewe akashika mbavu. Virusi vilikuwamo, vikafutwa, nyimbo zikatoka.

Wasomaji, wema wa mtu hausafishi flashi yake. Hata yeye hajui imeokota nini huko ilikopita.

Papa akatoa jibini, zawadi. Dada akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka puani.

"Nusa, binti yangu," Papa akasema, "nusa vizuri!"