Baba Alikuja Kunisikiliza

Nilisomea fizikia chuoni, lakini kazi niliyopata ni ya kufunga vipaza sauti katika hoteli moja ya Kitale. Wanasayansi wa ng'ambo walipopanga kuja kwa warsha kuhusu plazma, ile gesi yenye joto kali inayounda jua na nyota, nilimpigia baba simu nyumbani Malakisi.

"Wiki ijayo nitakuwa na wataalamu wa nyota," nikamwambia.

"Kwa hivyo na wewe utaongea?"

Sikuwa nimesikia furaha hiyo kwa sauti yake tangu tumzike mama. Nikasema, "Tutaona, baba." Jumapili akatangaza kanisani kwamba nitaongea.

Siku ya pili ya warsha nilimwona mstari wa mbele, amevaa suti yake ya harusi. Nikajibanza nyuma ya spika kama panya. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna swali, na baba akainua mkono. Kupeleka kipaza sauti ilikuwa kazi yangu, nikampelekea.

Alikipokea, akatazama sare yangu ya hoteli.

"Nilitaka kuuliza mtoto wangu ataongea saa ngapi," alisema polepole, ukumbi mzima ukisikia. "Lakini sasa nimemwona."