Maziwa ya Mpiga Bomba

Huku Kasoli, wilayani Bariadi, ukitaja kanuni ya Luhende hakuna atakayekuuliza ni kanuni gani. Ni nusu lita ya maziwa mabichi kabla ya kupiga dawa ya pamba, na nusu lita ya maziwa ya mgando baada ya kumaliza. Ukifanya hivyo, wanasema, sumu haikupati. Luhende mwenyewe aliifuata miaka ishirini na mitatu na akawafundisha wanaume wengine kumi na mmoja. Naandika habari zake kwa sababu tuna tabia ya kuwasifu watu wenye nia njema bila kuwauliza kama walichotufundisha ni kweli.

Alikuwa mkulima wa kawaida mwenye heka tatu za pamba, mahindi ya kula na ng'ombe sita. Kilichomjulisha kwa watu ni bomba. Kuanzia Januari hadi Machi alibeba mgongoni bomba la lita kumi na sita, akipulizia mashamba ya wenzake kwa ujira. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, alilala mapema na kuamka kabla ya jogoo. Alikuwa na nidhamu ya mwili kuliko wengi wetu, nami nampa heshima yake kwa hilo. Lakini nidhamu iliyosimama juu ya uongo humfikisha mtu mbali kuliko uvivu. Mvivu angeacha kazi mapema akapona.

Kwa kuwa tumboni mna maziwa, Luhende hakuona sababu ya kuvaa chochote cha kujikinga. Aliingia shambani peku, mikono ya shati imekunjwa. Dawa aliikoroga kwa mkono. Kichwa cha bomba kikiziba, alikifungua akakipuliza kwa mdomo, akatema mate, akaendelea na mstari. Kanuni yenyewe aliirithi kwa baba yake, ambaye zamani alimwona ndama aliyelamba dawa ya josho akinyweshwa maziwa na kupona. Ndama mmoja tu. Kanuni yote ya kijiji ilisimama juu ya ndama mmoja.

Februari mwaka jana, mama mmoja aitwaye Milembe alimwita shambani kwake siku nne baada ya kupuliziwa.

"Mzee Luhende, mstari huu umeupiga mara mbili, majani yameungua. Hii mitatu umeiruka, ona funza. Ulikuwa unasinzia?"

"Sikusinzia."

"Basi ulikuwa wapi?"

Kwa miezi kadhaa Luhende alikuwa akiingia ndani na kusahau alichofuata. Vidole vilitetemeka, chai ikamwagika kabla ya kufika mdomoni. Macho yalitoa machozi bila kilio. Dawa aliyoijua ilikuwa moja, akaongeza maziwa hadi lita nzima.

"Ungekuwa ndama ungekwisha kunenepa," mkewe, Felisita, alimwambia. "Kesho tunakwenda zahanati. Ukikataa, hayo maziwa utakamua mwenyewe."

Tabibu wa zahanati, kijana aitwaye Novatus, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akamwuliza avaacho akiwa kazini.

"Shati."

"Na mikononi?"

"Mikono."

"Mzee wangu, hiyo sumu inapita kwenye ngozi. Inapita puani. Maziwa yanakaa tumboni. Vitu hivyo viwili vitakutana wapi?"

"Ndama wa baba alipona."

"Ndama wangapi walinyweshwa wakafa, hakuna aliyewasimulia?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Ndiyo shida yenyewe."

Novatus alimwambia aachane na bomba moja kwa moja. Hakumwahidi kwamba kumbukumbu itarudi yote. Kwa wanaoendelea na kazi alitaja mambo ya kawaida kabisa: mabuti, glavu, nguo za mikono mirefu, kitambaa safi puani na mdomoni, kutembea kwa kuupa upepo mgongo, kuoga kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Na kichwa cha bomba kisipulizwe kwa mdomo, kisuguliwe kwa maji na mswaki uliochakaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kitamu kama maziwa. Labda ndiyo maana havikuwahi kupata jina la mtu.

Luhende aliacha bomba siku ileile. Lakini watu walipomwuliza sababu, alisema magoti.

Alisema hivyo kwa ajili ya Ngeleja. Huyo alikuwa rafiki yake na mtu wa kwanza kufundishwa kanuni. Alifariki miaka miwili kabla, akiwa na miaka arobaini na sita, baada ya miezi ya kuumwa kichwa, kutetemeka na kuanguka njiani. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema ni mizimu ya ukoo. Bomba lake sasa lilibebwa na mwanawe Dastan, mwenye miaka ishirini na minne, naye Luhende alimfundisha vilevile. Kumwambia Dastan ukweli kulikuwa sawa na kumwambia mama yake, Kabula, mjane wa Ngeleja. Luhende hakuweza kuukabili uso wa Kabula.

Alinyamaza wiki tano. Simtetei. Huruma inayomwacha kijana aendelee kuvuta sumu ili mama yake asilie si huruma, ni woga.

Katikati ya Machi, asubuhi, alikutana na Dastan kando ya shamba la dengu. Kijana alikuwa amechuchumaa, bomba liko chini, kichwa chake alichokifungua kikiwa mdomoni.

"Mwangaluka, baba mdogo," alisalimia kwa Kisukuma alipokitoa. "Nasikia magoti yako yamestaafu kabla ya mwenyewe."

"Mwangaluka. Macho yako yana nini?"

Dastan aliyapangusa kwa kiganja kilekile kilichoshika bomba. "Vumbi tu. Yakizidi naongeza maziwa."

Luhende akauliza, "Mama yako yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Liache hilo bomba hapo. Twende."

Kabula alikuwa uani akichambua choroko kwenye ungo. Alimkaribisha akae. Luhende alikataa kiti.

"Shemeji, ile habari ya maziwa niliyomfundisha Ngeleja si kweli. Hayazuii sumu. Kwa kuyategemea hatukujikinga kwa kitu kingine. Mimi siumwi magoti. Naumwa dawa ya pamba."

Mikono ya Kabula ilisimama juu ya ungo.

"Sisemi ndiyo iliyomuua," Luhende aliendelea. "Hakuna aliyempima. Nasema sikuwa najua, na nilifundisha kama mtu anayejua."

"Maziwa yale nilikuwa nakamua mimi," Kabula alisema. "Alfajiri, kabla sijanawa uso."

"Najua, shemeji."

"Siku alizotetemeka sana nilimjazia."

"Najua."

"Usiniambie unajua. Wewe umejua lini?"

"Wiki tano zimepita."

Kabula alimgeukia mwanawe. "Wiki tano hizi umepiga dawa mashamba mangapi?"

"Tisa, mayu."

Dastan alianza kusema kwamba yeye hajambo, kwamba ni macho tu, mama yake akamnyamazisha kwa kidole na kumwonyesha ndoo. "Vua hilo shati. Kaoge kwa sabuni, kichwa mpaka unyayo. Nguo hizo usiziweke pamoja na za wengine." Kijana alisita, akamtazama Luhende kama anayetafuta mtetezi, asimpate. Akachukua ndoo.

Luhende alisema, "Shemeji, nisamehe."

"Hilo sina leo," Kabula alijibu. "Wengine uliowafundisha wako wangapi?"

"Wako tisa, ukiwatoa baba na mwana wa nyumba hii."

"Umewaambia?"

"Bado."

Kabula alinyanyuka, akazifunika choroko, akajifunga kitenge kiunoni. "Tunakwenda sasa hivi. Utasema mbele yangu. Ukipunguza, nitaongeza."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Selestini, mtu mbishi. Luhende alianza kwa kusema kwamba siku hizi wataalamu wanadai maziwa huenda hayasaidii sana. Kabula akamkatiza. "Sema kama ulivyosema kwangu." Akasema upya, yote, pamoja na mikono yake inayotetemeka, akaiinua ionekane. Selestini alicheka, akasema mbona yeye ana miaka kumi na mbili kwenye bomba na hajawahi kuanguka.

"Hata Ngeleja alisema hivyo," Kabula alimwambia.

Selestini aliacha kucheka. Hakuahidi kitu. Aliuliza tu glavu zinauzwa wapi, mjini Bariadi au hata pale senta. Luhende alimwelekeza, na wale wawili wakashika njia ya nyumba ya pili, Kabula akiwa mbele.