Baiskeli Nyepesi ya Amiri

Amiri aliinyanyua ile baiskeli kwa vidole viwili mbele ya ofisi yake ya utalii, Lushoto mjini.

"Shikamoo, dada Esteria. Hebu ishike. Kaboni tupu hii."

"Marahaba." Esteria Kihiyo akaishika. Kweli ilikuwa nyepesi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiongoza wageni milimani kwa baiskeli za chuma, na hajapata kuinua kitu kama kile. Amiri akampa siku tatu aijaribu na kuandika aliyoyaona, ndipo aamue kama ataagiza nyingine tano.

Siku ya kwanza aliipenda. Alipanda nayo lami kutoka Soni hadi Lushoto, na alipofika juu pumzi bado anayo.

Siku ya pili akaingia msitu wa Magamba. Mvua ilikuwa imenyesha, mizizi inateleza. Baiskeli ilikuwa na springi mbele tu. Nyuma ilikuwa ngumu kama benchi la kanisani, kila mzizi ukimrusha. Tope likajaa kwenye gurudumu mpaka likagoma kuzunguka. Akashuka, akalichokoa kwa kijiti, akapanda, akashuka tena. Mwishowe akaibeba begani. Kwenye mteremko jiwe liliruka likagonga fremu, likaacha alama ndefu kama ukucha.

Akaipeleka kwa Rajabu, fundi wake wa siku zote. Rajabu aliipapasa ile alama, akatikisa kichwa.

"Chuma ningekuchomelea sasa hivi. Hii hata sijui ni mkwaruzo au ufa. Ikikatikia porini, mimi usinitaje."

Siku ya tatu Esteria akaandika kurasa mbili, akazipeleka. Amiri alizifunua bila kuzisoma.

"Hujaizoea tu, dada. Wenzetu Ulaya wanashindania hizi."

"Wageni wetu hawashindani. Wengine hata tope hawajawahi kulikanyaga."

"Nimeshaziagiza. Tangu juzi."

Juzi Esteria ndiyo kwanza alikuwa kwenye lami ya Soni, hajauona hata mzizi mmoja.

"Sasa ulinipa niijaribu ya nini?"

"Nilitaka picha yako ukiiendesha, ya kuweka kwenye tangazo. Wageni wanapenda kumwona mwenyeji."

Esteria alichukua kurasa zake mezani, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baiskeli tano zikaja. Esteria akakataa katakata kuingia nazo msituni, kwa hiyo wageni aliwateremsha kwa lami mpaka Soni, akawapandisha tena. Walirudi wanacheka, wakizisifu. Amiri akamtupia jicho la "si nilikwambia?"

Mama mmoja wa makamo, akivua kofia, akamwuliza Esteria kama huo msitu aliousoma kwenye tangazo uko mbali.

"Hauko mbali," Esteria akasema. "Ni hapo juu tu."

Akaenda kuchota maji ya kuoshea baiskeli.