Saa Tisa Tu, Mama

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni dobi, na kwa pasi namvulia kofia. Miaka kumi na minne tumefanya kazi meza moja na sijamwona akiunguza hata leso. Lakini siku aliyosafiri binti yake aliunguza kola mbili, na ya pili ilikuwa ya shati la hakimu.

Nilijua kinachomla. Binti huyo, kitinda mimba wake, alikuwa amepata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, na mama mtu hakutaka hata kusikia. Asubuhi ile mtoto alisimama mlangoni na begi lake, akaomba radhi. Wifi akamgeuzia kisogo. "Nenda unakokwenda. Mimi radhi sina." Nilikuwepo, sikumtetea, na mpaka leo najilaumu. Binti akasema, "Ni saa tisa tu, Mama. Nikitua nitapiga." Ndege ikaruka saa nne asubuhi.

Basi ikafika saa tisa alasiri, simu kimya. Saa tisa na nusu, kimya. Wifi akaweka pasi, akashika simu, akaweka simu, akashika pasi. Akatoka nje kutazama mawingu, eti aone nini huko, sijui. Saa kumi akaangua kilio. "Mwanangu kaanguka! Kaanguka na kisirani changu!"

"Acha uchuro wewe!" nilimkemea, ingawa mimi nami nilishaanza kuchungulia mawingu.

Ndipo akaingia mwalimu wa jiografia kuchukua suruali zake. Tulipomweleza, akauliza binti ameelekea wapi, akapekua simu yake.

"Kutoka kiwanja chetu mpaka kile ni kilomita elfu saba na mia mbili. Ndege inakata kama mia nane kwa saa. Piga hesabu, mama. Hakusema atafika saa tisa. Alisema safari yenyewe ni ya saa tisa! Kwa saa zetu, anatua saa moja jioni."

Loo! Nilicheka mpaka nikakalia kapu la mashuka. Wifi hakucheka.

"Kumbe bado yuko juu," akasema. "Yuko juu, na radhi zangu hana."

Saa tatu zilizobaki zilimtesa kuliko zile za mwanzo. Alifagia duka, akalifagia tena. Akakunjua mashuka niliyokwisha kukunja, akayakunja upya, na mimi nikamwacha. Kila simu ya mteja ilimrusha roho.

Saa moja na dakika ishirini ikalia ya binti. Wifi hata halo hakusema. "Radhi unazo! Umenisikia? Nimekupa radhi zangu zote, mwanangu, nenda!"

Tukamsikia binti, anacheka huku analia. "Niende wapi tena, Mama? Si nimeshafika."

Wifi akaketi sakafuni, simu sikioni, machozi yanamtiririka.

"Basi," akasema, "hizo ziwe za kurudi nyumbani."