Koti la Shemeji

Watu huuliza kama mavazi yana maana kwenye intavyu. Yangu yalikuwa na maana kupita kiasi.

Niliitwa mpakani Malaba kuhojiwa kwa kazi ya karani wa forodha, siku zile za magendo ya kahawa kutoka Uganda. Sikuwa na koti, nikaazima la shemeji yangu wa Angurai. Lilikuwa zito ajabu. Nikadhani nguo za wakubwa ndivyo zilivyo.

Afisa hakugusa vyeti vyangu, alilitazama koti tu.

"Fundi wako ni nani?"

Kichwa kikanivimba. "Wa Burumba, mzee. Hili nalivaa kila siku."

"Hebu nilione."

Nikalivua kwa maringo. Akaligeuza, akakuta mifuko imeshonwa ndani kila mahali. Akalikung'uta. Buni za kahawa zikamwagika juu ya barua yangu ya kuomba kazi.