Safari ya Siku Nne Kwenda Kaisho

Siku ambayo ningeirudisha, kama siku zingerudishwa, ni ile asubuhi ya kiangazi nyumbani kwa shangazi yangu huko Kaisho, nilipoletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna nami nikanyoosha mkono nikachukua. Nilipaswa kukataa. Sababu ya kukataa nilikuwa nayo, mdomo wa kukatalia nilikuwa nao, na mke wangu alikuwa Nyaishozi akihesabu siku nilizomwahidi. Nikachukua punje mbili, nikazitia kinywani, nikatafuna.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa si mimi niliyekuzaa, na utaniwia radhi. Naandika haya kwa sababu likizo ya Juni imekaribia na nawasikia vijana wa hapa mkipanga safari zenu fupi. Huyu atampeleka mtoto Bukoba akaone ziwa, yule atampeleka kwa bibi yake Nyabiyonza. Mnapiga simu, mnauliza basi linaondoka saa ngapi, mnanunua viatu vipya. Mnapanga vizuri. Lakini na mimi nilipanga vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Binti yetu Jenerosa alikuwa anaelekea miaka mitatu. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, na shangazi yangu Leokadia, dada ya marehemu baba, alikuwa hajamwona. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Shangazi ndiye aliyetoka Kaisho kwa miguu kuja shuleni na ndizi za kuchoma ndani ya kikapu, akamwomba mkuu wa shule nisifukuzwe. Nilimaliza kidato cha nne kwa sababu yake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na mumewe alikuwa ameshakufa. Nilikuwa nimempelekea habari kwamba kiangazi kikifika nitamletea mjukuu amwone. Ahadi ni deni, na hiyo ilikuwa ahadi njema. Nasema hivi usije ukadhani safari yenyewe ilikuwa mbaya.

Ila kiangazi ndio msimu wa kahawa. Kahawa yetu ilikuwa imeanikwa uani juu ya mikeka, na mtu alitakiwa awepo kuigeuza mchana na kuiingiza ndani jioni. Kwa hiyo mke wangu Koleta asingeweza kwenda. Tulipanga kwa wiki nzima. Alisaga unga wa ulezi wa uji, akaufunga vipimo vinne. Alitafuta sweta, kwa kuwa unajua asubuhi zetu za Juni zilivyo na ukungu na baridi. Kadi ya kliniki aliizungushia nailoni. Mwisho akaweka kitenge chake kikuukuu, maana mtoto hakupata usingizi bila kushika pindo la kitenge cha mama yake.

"Siku moja ya kwenda," akaniambia, "mbili za kukaa, moja ya kurudi. Baba Jene, unakwenda naye mwenyewe, urudi naye mwenyewe."

Nikamtania kama anadhani nitamuuza mnadani pamoja na ng'ombe. Hakucheka. Akasema, "Wewe watu wa kwenu hujui kuwakatalia."

Tulipanda lori la wafanyabiashara wa ndizi mpaka Nkwenda. Jenerosa alitapika, akala vumbi, akamlilia mama yake, akaomba kushushwa akojoe kila tulipoanza kupanda mlima, hata utingo akauliza kama mtoto huyu amekunywa mto mzima. Kutoka Nkwenda nilimbeba mabegani, tukitembea na kupumzika, mpaka shingo ikakakamaa. Kumbuka uchovu huo. Nitaueleza baadaye, kwa sababu nao ulikuwa na sehemu yake katika dhambi yangu.

Kwa shangazi tulipokelewa kama wafalme. Zile siku mbili Jenerosa alimfuata bibi yake kila mahali: kwenye migomba, kisimani, jikoni. Walifukuza kuku pamoja, mmoja hajatimiza miaka mitatu na mwingine amepita hamsini. Sikuwahi kumsikia shangazi akicheka vile tangu msiba wa mumewe. Nilifurahi. Nilijiona nimelipa wema kwa wema.

Asubuhi ya nne, ndugu wa ukoo walikusanyika kuniaga. Shangazi akaleta kikapu cha kahawa, akakiweka mbele yangu, akapiga magoti. Hapo lazima nikueleze jambo. Kahawa ya kutafuna kwetu hupewa kila mgeni, ni heshima tu. Lakini katika ukoo wetu, kahawa iliyoletwa pamoja na ombi, mbele ya watu, ni jambo jingine. Ukiichukua, umekubali. Kama hukubali, unagusa ukingo wa kikapu kwa vidole, unakirudisha taratibu, unatoa sababu yako, na hakuna anayekukasirikia. Mila yenyewe iliniachia mlango, mwanangu. Watu wengi hulaumu mila kwa mambo waliyoyafanya wenyewe.

"Deo," shangazi akasema, "nyumba yangu haina sauti. Niachie huyu mtoto mpaka kiangazi kiishe. Mvua ya kwanza ikinyesha, njoo umchukue."

Nikasema itabidi nimuulize mama yake kwanza. Nilisema polepole, nikitazama chini, na binamu yangu Faustini akalidaka neno hilo kama mtu aliyekuwa akilisubiri.

"Kumbe siku hizi ruhusa inatoka jikoni," akasema. "Shangazi, kikapu hiki ungekipeleka Nyaishozi kwa Mama Jene. Huyu tulidhani ni mwenye mtoto, kumbe ni utingo tu."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, alibaki amepiga magoti akinitazama. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Mimi sikujikwaa ulimi, niliumeza. Mkono ukaenda kwenye kikapu.

Wakanishauri niondoke bila kumuaga mtoto, asije akalia. Alikuwa nyuma ya nyumba akiwarushia kuku punje za mahindi. Nikapita upande wa pili, nikashika njia. Sasa ule uchovu niliokuambia: nilipofika kwenye kona ya kwanza nilisikia mabega yangu yakiwa mepesi, nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru. Hili sikumwambia padre kwa miaka mingi.

Koleta alikuwa amepiga magoti mkekani akigeuza kahawa. Aliniona, akasimama, akatazama nyuma yangu barabarani kama mtu anayetarajia mwingine atokee.

"Jene yuko wapi?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa maneno ya mtu aliyesoma: upweke wa shangazi, wema wake, mvua ya kwanza. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza neno moja.

"Ulimuaga?"

Nikainama nikaanza kugeuza kahawa. Akakaa chini, palepale juu ya kahawa.

Kesho yake alitaka kwenda Kaisho. Nilimkataza. Nilimwambia atanitia aibu, kwamba watu watasema neno langu halina uzito. Kwa ndugu zangu nilikosa neno la kukataa. Kwa mke wangu nililipata upesi sana.

Jirani yetu Mzee Kagaruki, ambaye alikuwa mzee wakati huo kama nilivyo mimi sasa, alisikia habari akaja. Nilimwamkia, akaitika marahaba, lakini kiti nilichompa hakukikalia.

"Ukimwazima mtu jembe," akasema, "mvua itakukumbusha kulifuata, na jembe litakuwa jembe lilelile. Mtoto hakai kama jembe, anazoea. Kila asubuhi anayoamka kule ni asubuhi moja zaidi ya kutokuwa wako. Nenda kesho, ukaseme ulikosea. Aibu ya kesho ni ndogo."

Nilimshukuru kwa heshima zote. Sikwenda.

Mvua ya kwanza iliponyesha nilikwenda, na moyoni nilidhani bado nimo ndani ya mpango. Nilimkuta shangazi anaumwa mguu, amelala. Jenerosa alikuwa akimletea maji kwenye kikombe kwa mikono miwili, polepole yasimwagike. Aliponiona alijificha nyuma ya mlango. Shangazi akamuuliza, "Nani huyu?" Mtoto akajibu kwamba ni mgeni.

Ningemchukua siku ile angelia, njia nzima labda, na wiki nzima nyumbani, kisha angenyamaza. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo nilifundishwa shuleni na nikaipatia alama. Lakini shangazi alikuwa kitandani, mtoto alikuwa amejificha, nikajiambia Krismasi. Krismasi ilipofika barabara iliharibika kwa mvua, nikajiambia Pasaka.

Koleta hakungoja Pasaka. Alikwenda peke yake bila kuniambia. Jenerosa alimshika shangazi shingoni, akapiga kelele kama anayeibwa. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakamwambia mke wangu kwa upole kabisa kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na baba yake alikula kahawa mbele yao. Kama neno limebadilika, basi aje mwenyewe alibadilishe. Hawakusema uongo. Ilitakiwa niende niseme sentensi moja tu.

Alirudi na vumbi miguuni, hakunigombeza. Aliniomba. "Baba Jene, twende wote. Uwaambie ulikosea. Mimi nitakaa nje, sitasema lolote."

Nikamwambia tusubiri kidogo mtoto apate akili, atachagua mwenyewe.

Alijikung'uta vumbi la miguuni. Kisha akasema, "Angekufa, ningepewa kaburi la kulilia." Akaingia ndani akafunga nguo zake, akarudi kwao Kanoni. Nilimfuata mara mbili. Mara ya pili baba yake alinipokea vizuri, akaniuliza kama nimekuja na mtoto. Nilipojibu hapana, akaniambia nimalize chakula changu nikitaka, halafu niende.

Mwanangu, simlaumu shangazi. Alimpenda yule mtoto, na mtoto alikuja kuwa macho yake na miguu yake. Ila mwenye kumtegemea mtoto hampeleki mbali kusoma; Jenerosa aliishia darasa la saba, na akili alikuwa nayo. Aliolewa hukohuko, upande ambao sasa ni wilaya ya Kyerwa. Siku ya harusi nilipewa kiti cha baba. Alikuja kuniamkia, akapiga magoti vizuri kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamoo mzee."

Mwaka juzi Koleta alifariki. Mazishi yalikuwa Kanoni. Jenerosa alikuja na watoto wake wakubwa, akabaki nyuma pamoja na wageni waliotoka mbali. Wakati wa kutupa udongo, padre akawaita watoto wa marehemu. Watu wakageuka kutafuta. Yeye akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nisimame wapi?" Nilimshika mkono nikampeleka mpaka kaburini. Alitupa udongo wake, akakung'uta mkono, akarudi.

Tulipokuwa tukinawa nikamwomba msamaha. Niliyasema yote, kikapu, Faustini, wale kuku. Alinisikiliza kwa adabu.

"Bibi aliniambia ulinikabidhi kwake," akasema. "Nimelelewa vizuri. Sijui nikusamehe nini, mzee. Leo nimejaribu kumlilia yule mama, nimeshindwa. Simjui."

Majuto ni mjukuu, husema watu, na mimi sina wa kunijia ila huyo.

Basi wewe unayefunga mizigo, panga uji na sweta, lakini kaeni wewe na mwenzio mpange pia maneno. Mnakokwenda kuna watu mnaowapenda, na ombi gumu kulikataa hutoka kwa mtu aliyekutendea wema. Jibu lako liondoke nawe nyumbani. Ukilitafuta mbele ya watu wanaocheka hutalipata. Mtoto usimtoroke hata kama atalia, maana kilio cha kuagwa kina mwisho wake. Na ukishakosea, kwa kuwa utakosea, rudi kesho yake. Usiseme mvua, usiseme Krismasi. Kosa langu la kwanza lilikuwa la dakika moja, na lingefutika kwa nauli ya lori. Haya mengine yote niliyajenga mwenyewe, kwa kungoja.

Mungu awatangulie njiani, awaepushe na ajali na homa, akujalie ulimi mzito wa kukubali na mwepesi wa kukiri, na awarudishe nyumbani mkiwa idadi ileile mliyotoka nayo.

Mimi niliondoka na mtoto wangu wa pekee nikamwacha kwa sababu ya kuchekwa, na kwa sababu hiyo mke wangu aliniacha. Sikuoa tena. Nina miaka sabini na moja, nakaa peke yangu hapa Nyaishozi, na hakuna mtu duniani anayeniita baba.